Kisigino cha Kushoto

Muziki ukimkolea mpiga kinanda, kisigino chake cha kushoto huchomoka kiatuni chenyewe, bila yeye kujua. Mkewe anajua. Bwana akifanya mazoezi sebuleni, kisigino kikishatoka tu, mkewe hukaa kusikiliza, na chai jikoni huchemka mpaka ikakauka. Leo ukumbi umejaa. Bendi yao ni ya jazi ya kuchanganya vionjo, na wote ni mafundi hasa, lakini kila mwamba ngoma anavutia kwake: saksafoni inamkimbia mpiga besi, na ngoma zinawafukuza wote wawili. Vidole vya bwana vinaruka juu ya kinanda, watu wanapiga makofi ya adabu. Mkewe, safu ya pili, anatazama chini. Kiatu kimetulia, kamba zimefungwa, kama cha mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Watu walipokwisha kutoka, akamfuata jukwaani.

"Umetuonaje, mke wangu?"

"Mlikuwa mnawahi basi?"

Bwana akaketi kwenye kinanda, ambacho waya wake ulishachomolewa na kukunjwa, akaanza kukipapasa polepole. Hakikutoa sauti ila tik tik za vidole. Kisigino kikatoka. Mkewe, aliyekwisha kutundika mkoba begani, akarudi kuketi safu ya pili.