Kidole changu kimekufa, na mpwa wangu amenunua pikipiki kwa kukiamini

Admin, nifiche vizuri, maana huku Hanang hata kikohozi changu watu wanakijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwa upande wa injini bado hajazaliwa wa kunifundisha. Kazi niliijulia kwenye yale mashamba makubwa ya ngano, kabla hayajauzwa kwa watu binafsi. Trekta liligoma siku tatu, wataalamu wenye mikoba wameshika viuno, nikaja mimi na suruali yenye kiraka nikasema leteni spana. Kabla ya saa sita linalima. Mashamba yalipopata wenyewe wapya tukarudishwa nyumbani, na pikipiki zilipoanza kujaa huku kwetu Dirma nikawa mfalme.

Mafundi wengine wanapima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, kwa geji, ile saa yenye mshale. Mimi nachomoa plagi, naziba tundu lake kwa kidole gumba, nasema piga kiki. Injini nzima inakitupa kidole kwa nguvu, iliyochoka inakipulizia tu kama mgonjwa. Siku moja nilipima lori, upepo uliotoka ukairusha kofia yangu hadi juu ya bati la godauni, mashahidi wapo. Hapa Dirma mtu hanunui pikipiki ya mkononi kabla haijapita kwenye kidole changu.

Sasa aibu yangu ni hii. Mwaka jana wakati wa mavuno, mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi ulikivuta hicho kidole. Watu niliwaambia umetoka ukucha tu. Kumbe mshipa wa fahamu ulikufa, ukinichoma sindano pale sisikii kitu. Mtasema si ungetumia cha kushoto? Nilijaribu mara moja, wazee wakauliza, "Cha kulia kina nini?" nikarudi cha kulia haraka. Tangu siku hiyo nasikiliza mlio, naangalia moshi, nabahatisha. Hata mke wangu hajui.

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea mwenyewe mpaka akaoa, akapata pikipiki ya mkononi ya kufanyia bodaboda huko Mogitu, tukaenda wote kuiona. Imetembea kilomita elfu themanini na kitu, na waya wa mita ulikuwa umekatika, kwa hiyo hizo ni zile tu zilizokubali kuhesabiwa. Watu wakajaa kuangalia. Muuzaji akanisalimia, "Shikamoo mzee, hicho kidole nimekisikia sana."

"Marahaba. Leo utakiona."

Nikaziba tundu, mpwa wangu akapiga kiki. Sikusikia kitu. Akapiga tena, kimya, kama nimeshika ukuta. Watu wote wananitazama usoni.

"Mjomba, vipi?"

Ndugu zangu, nilikirusha kidole mwenyewe, kama vile kimetupwa na injini, nikakipuliza mbele za watu. "Chukua. Hii itatuzika wote tuliosimama hapa." Wakapiga makofi. Kwetu mjomba akishasema, mtoto wa dada haulizi mara mbili. Akalipa.

Wiki ya tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu na kukosa nguvu mlimani. Akaja kwangu anaisukuma, jasho linamtoka. Mnajua aliniambia nini? "Mjomba, nafikiri naiendesha vibaya. Au ni haya mafuta ya kwenye chupa." Anajilaumu yeye! Na mke wake ana mimba kubwa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo kliniki wamemwambia safari hii awahi hospitali ya Haydom akasubirie huko. Mpwa wangu amepanga kumpeleka kwa pikipiki hiyo, kesho Alhamisi. Njia ile ina mlima mrefu, nyumba chache, na mtandao hakuna.

Jana nikapanda hadi Katesh, nikaazima geji kwa fundi mmoja, nikamdanganya ni ya trekta. Nikaenda uani kwa mpwa wangu nikasema nakuja kubadilisha plagi. Nikaipasha injini moto, nikafunga geji, nikavuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, nikapiga kiki. Mshale haukufika hata nusu ya inapotakiwa. Nikadondoshea oili kidogo kwenye tundu, nikapima tena, ukapanda. Wenye kujua wanajua: ringi za pistoni zimekwisha, pumzi ya injini inavuja, oili ilikuwa inaziba pengo kwa muda tu.

Kugeuka, mpwa wangu kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Eeh mjomba! Leo na wewe unatumia saa? Kidole kimestaafu?"

Nikacheka. "Naipima hii saa kama inajua kazi."

"Imekubaliana na kidole?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Imekubaliana."

Mke wake akaitikia kutoka jikoni, "Asante baba. Nilikuwa naogopa ule mlima, sasa nimetulia."

Nimewaza niombe gari la jirani, niseme ni heshima ya mjukuu. Lakini mama mjamzito akishafika salama, mpwa wangu atarudi kupakia wagonjwa wa watu wengine kwenye injini ileile. Na nikisema ukweli, pikipiki zote nilizopitisha tangu mavuno zitajaa uani kwangu na wenyewe juu, na watakuwa na haki. Leo nimekwenda kwake mara mbili. Nafika mlangoni, najikuta nauliza habari za ng'ombe.

Wakubwa zangu na wadogo zangu, matusi nitayapokea, ila kwanza nishaurini: namwambiaje kijana anayeniamini kuliko macho yake, na neno la kwanza liwe lipi? Fanyeni upesi. Wanaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mama ameshafunga kanga za mtoto.