Chini ya Theluji Kuna Nini?

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mjukuu wangu, wewe hujazaliwa bado. Mama yako nilikuwa nimemwacha Bukavu kwa dada yangu, nami niko Wembley peke yangu, nasafisha maofisi. Sasa ananiambia unakwenda Norwe na wenzako kuendesha pikipiki za theluji. Pikipiki hizo sizijui. Lakini theluji ilishanidanganya, kwa hiyo kaa unisikilize, na simu iweke chini.

Ilikuwa imeanguka usiku kucha, mabasi hakuna. Nikakata njia bustanini kuelekea kazini Kingsbury. Mbele nikaona uwanja mweupe, tambarare, nikadhani ni ule wanaochezea mpira. Nikaingia. Mara nyuma yangu mwanamke akapiga kelele: "Barafu! We mama, barafu!"

Alikuwa Mama Kanta, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye nilikuwa nikinunua unga dukani kwake. Nikacheka. Kwetu inayoanguka ni barafu, ya kwenye friji ni barafu, ya watoto kunyonya ni barafu. Nikamjibu, "Naiona, mama! Hata kichwani ninayo!"

Hapo chini pakalia kwaa. Mguu mmoja ukazama hadi pajani. Kumbe nilikuwa juu ya bwawa lililoganda, na barafu aliyoisema ndiyo hiyo.

"Lala! Lala kwa tumbo! Ukisimama umekwisha!"

Nikalala. Nikatambaa nilikotoka, maji yakinifuata kifuani, hadi nikashika ncha ya shali yake aliyonirushia.

Pole sikupewa. Alinivua kiatu, akanifunga mguu kwa shali ileile, huku amenikazia macho.

"Nani anajua uko hapa?"

"Hakuna."

"Kazini kwako je?"

"Wangesema nimeacha kazi."

"Basi ungekaa humo mpaka barafu iyeyuke, na mimi ningesema yule mteja wangu amehamia duka jingine."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mguu. Tangu siku ile kila asubuhi nilipita dukani kumwambia ninakokwenda. Hakuacha hata kupanga viazi vyake. Alisema tu, "Haya, nimesikia." Alipofariki, niliendelea kufunga mlango wangu asubuhi bila wa kumwambia neno, na mji huu ulivyo mkubwa.

Basi, mjukuu wangu, ukifika huko usiulize kama kuna theluji, macho unayo. Muulize mwenyeji chini yake kuna nini, ardhi au maji? Asipojua, usipite. Usiende peke yako, wala usimtangulie anayejua njia. Kofia ngumu usiivue hata ikikuharibia nywele, na pombe ingoje mpaka mashine zizimwe. Na kabla hujawasha, nipigie uniambie unaelekea wapi, unarudi saa ngapi. Sema hata kwa Kiingereza chako, nitaelewa. Nami nitajibu, "Haya, nimesikia."

Mungu akukanyagishe palipo imara, akurudishe mlangoni kwangu miguu ikiwa mikavu.