Mzee Yuko Ghorofa Gani

Watu wote wa jikoni waliitwa kwenye stoo ya vikombe, wakaambiwa waweke simu zao kwenye sinia. Mama Chai alipoiweka yake akaona kuwa sinia lenyewe ni lile analopelekea chai kwa Waziri Mkuu kila asubuhi, akajua ni yeye anayetafutwa. Huyu mama ndivyo alivyo. Mlango ukigongwa kwa nguvu, kabla hajaufungua ameshamzika mtu kichwani.

Mkuu wa ulinzi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Kuna ile ensaiklopidia ya mtandaoni," alisema, "ile ambayo mtu yeyote anaingia akaandika. Ina ukurasa kuhusu ofisi hii. Majukumu yake, mawaziri wakuu waliopita, jengo na kila kitu. Sikilizeni kilichoongezwa juzi." Akasoma kwenye simu yake: "'Chumba cha kazi cha Waziri Mkuu kilikuwa ghorofa ya kwanza. Siku hizi kiko chini, katika chumba cha zamani cha mikutano, upande wa bustani.'"

Akainua macho.

"Leo gazeti limepiga simu kuuliza kama ni kweli Mzee hawezi tena kupanda ngazi. Redio inasema ni mzima kama chuma. Na bungeni wapo wanaoomba apate hata mafua. Sasa nani kasema?"

Bomba la sinki lilikuwa likidondosha maji, na hakuna aliyethubutu kwenda kulifunga.

"Bosi," alisema mwosha vyombo, ambaye wenzake walimwita Kicheko, "mimi hata orodha ya sokoni naandikiwa na mume wangu. Hiyo enso... ensi nini?"

Wawili watatu walitaka kucheka, wakaghairi.

"Aliyeandika amejiita Kalamu Tulivu," mkuu wa ulinzi aliendelea. "Kuna anayelijua jina hilo?"

Mama Chai alikazia macho vishikio vya vikombe. Jina hilo alilijua. Alikuwa ameliona mara nyingi juu ya kioo cha simu pale nyumbani, jioni, sufuria likiwa jikoni. Huyo Kalamu Tulivu, yeye mwenyewe ndiye aliyemnyonyesha.

"Mama Chai. Wewe ndiye unayeingia mle kila siku."

"Naingia na sinia, baba, natoka na sinia."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na binti yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anatoa nakala. Dukani. Vyeti vya watu, barua za watu."

Yule bwana akamtazama, akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia mtu mwingine.

Waliporudishiwa simu, mtu wa kwanza ambaye Mama Chai angetaka kumpigia alikuwa binti yake, lakini hakupiga. Nani ajuaye simu iliyokaa kwenye sinia la watu wale imerudi ikiwa na nini? Akaizima kabisa, akaitumbukiza ndani ya mkoba, chini ya khanga. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea akijilaumu kimoyomoyo. Maana yeye ndiye aliyesema. Tena alisema kwa furaha! Alikuwa amekaa kitandani akijikanda miguu, akamwambia mwanawe: "Mungu kanikumbuka. Magoti yangu yamepona, sipandi tena zile ngazi na sinia. Mzee kahamishiwa chini, kwenye kile chumba cha mikutano cha bustanini." Hakuwa akisema habari za Waziri Mkuu. Alikuwa akisema habari za magoti.

Alimkuta binti dirishani, ameinamia simu.

"Shikamoo mama. Mbona leo mapema?"

"Funga dirisha."

"Mama, joto lote hili?"

"Funga dirisha, we mtoto!"

Binti akafunga. Mama Chai akakaa bila kuvua viatu. "Umeandika nini kuhusu kazini kwangu?"

"Aa, ule ukurasa?" Binti akatabasamu, hana habari. "Nimesahihisha tu. Ulikuwa na makosa mengi, nilikuwa nikiunyoosha wote, nikaona hapo kwenye jengo bado wameandika ghorofa ya kwanza. Mama, ni ghorofa tu. Sijamtukana mtu."

"Ifute."

"Kufuta naweza. Ila nikifuta, historia ya ukurasa itaonyesha kuwa Kalamu Tulivu kafuta, na siku aliyofuta. Kila kitu kinabaki. Ndivyo ilivyo kule."

"Basi hiyo si kufuta. Hiyo ni kujinyooshea kidole."

"Na isitoshe Mpiga Pasi ameshaniuliza chanzo."

"Nani huyo?"

"Mhariri mwenzangu. Simjui hata sura. Hilo ni jina lake tu la mle, kazi yake ni kunyoosha makala za watu. Ukiandika jambo lazima useme umelitoa wapi. Nilikuwa namjibu sasa hivi."

"Lete nione."

Hakusoma mbali, Mama Chai, na maandishi ya kwenye kioo humsumbua. Alisoma kwa midomo, neno moja moja, kidole kikiwa mbali na kioo asije akagusa kitu kikaondoka. *Nimeambiwa na mama mmoja anayepeleka chai kwa Waziri Mkuu kila siku.*

"Umeshaituma?"

"Bado."

"Mwanangu, wanaopeleka chai mle ndani ni mama wangapi?"

Hapo ndipo binti alipomtazama mama yake vizuri, akaona viatu ambavyo havijavuliwa na mkoba ambao bado umekumbatiwa.

"Mama. Wamewaita?"

Akamsimulia. Sinia, simu, yule bwana asiyepaza sauti, swali la nyumbani unaishi na nani. Alipofika kwenye jina la Kalamu Tulivu, binti akaketi sakafuni. Kisha akachukua simu na kuanza kufuta lile jibu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka kisanduku kikabaki cheupe.

"Nikikaa kimya atasema nimetunga," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi sijawahi kuandika uongo kule, mama. Hata mara moja."

"Sijakwambia uandike uongo. Nimekwambia usiandike."

Siku zilizofuata Mama Chai hakula vizuri. Pikipiki ikisimama nje, yeye husimama ndani. Jirani alipoleta mtu anayetafuta chumba cha kupanga, alimwangalia mtu huyo viatu tangu anaingia mpaka anatoka, maana aliwahi kusikia kwamba watu wa usalama hujulikana kwa viatu. Vilikuwa kandambili.

Kisha mtu mmoja akaja dukani kwa binti na karatasi moja ya kutolewa nakala. Akapewa nakala yake, hakuondoka. Alisimama akisoma bei ukutani, ambazo hazizidi mistari mitatu.

"Dada," akauliza, "wewe ni mtu wa kuandika-andika mtandaoni?"

"Mimi? Mimi natoa nakala za walioandika."

Mtu akacheka, akalipa, akaenda zake. Mpaka leo hawajui alikuwa nani. Huenda alikuwa anatafuta mchumba tu. Lakini jioni ile mama na binti walisukuma kabati mpaka mlangoni, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini.

Mwishoni Mpiga Pasi ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Aliifuta ile sentensi, akaacha maelezo mafupi: *Haina chanzo. Nimerudisha ghorofa ya kwanza, kama tovuti ya ofisi yenyewe inavyosema.*

"Mungu ambariki huyo kijana popote alipo," alisema Mama Chai.

"Lakini si kweli, mama!"

"Acha isiwe kweli. Haiji kula kwetu."

Kesho yake alipeleka chai kama kawaida, chini, upande wa bustani. Mzee alikuwa amekaa, mguu mmoja, uliovaa sapatu pana, umewekwa juu ya stuli, miwani puani, simu mkononi.

"Mama Chai, umeona? Nimepandishwa."

"Mzee?"

"Ghorofa. Juzi ukurasa huu ulisema niko chini, leo niko juu. Dawa za daktari hazijawahi kunifanyia kazi haraka hivi."

Hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Vijiko vilianza kugongana kwenye visahani.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi, Mzee." Nje jua lilikuwa linachoma majani.

Mzee akapokea kikombe, akakoroga polepole. "Una watoto?"

"Ninaye mmoja, Mzee. Wa kike."

"Anapenda kusoma?"

"Anatoa nakala, Mzee. Dukani."

Alimtazama juu ya miwani. "Basi vizuri. Asome sana," alisema Mzee. "Kuandika kunaumiza macho." Akanywa chai yake, akageukia bustani.

Kama alijua au alikuwa anajisemea tu, Mama Chai hakupata kulitambua, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwuliza.

Jioni binti alimpokea mkoba. "Pole na kazi, mama. Leo ilikuwaje?"

Zamani swali hilo lilitosha kuwapeleka mpaka chakula kipoe: nani kavunja kikombe, Kicheko kasema nini, mgeni gani kaja na kuomba sukari mara ngapi.

"Kazi tu."

Dirisha lilikuwa wazi, na jirani alikuwa anaanua nguo nje.

"Na magoti?" binti akauliza taratibu.

Mama Chai alitazama dirishani, kisha akajishika magoti yake mawili, yaliyokuwa hayaumi hata kidogo.

"Yananiua," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Zile ngazi, mwanangu. Zile ngazi zitanimaliza."

Binti alimwangalia. Kisha akaenda kupasha maji, akayaleta kwenye beseni pamoja na kitambaa, akapiga goti mbele ya mama yake, na akaanza kumkanda.