Sharti Ambalo Bi Masharti Hakuliondoa

Nyundo ilitua juu ya kidole cha shahada, na ukelele wa Bi Masharti ukazimwa na kiganja cha shemeji yake.

Ngoja kwanza niwaeleze huyu mama. Kazi yake ilikuwa kupanga mtihani wa hesabu wa darasa la mwisho, ila hakuokota maswali kwa mkono. Kompyuta yake ilihifadhi maelfu ya maswali. Yeye aliipa masharti: mada zote ziwemo, mepesi na magumu yasizidiane, mtoto amalize kwa saa mbili. Mashine ikachambua michanganyiko yote mpaka ipate ulio bora. Ndipo wenzake wakambandika hilo jina.

Shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa mwalimu wa tuisheni. Aliwaapia wazazi kwamba watoto wao watafaulu wote, kumbe alifundisha sehemu na asilimia tu. Mchana huo, ofisi nzima imekwenda kula, akaingia na kutia komeo.

"Iambie ichague maswali ya mada zangu tu."

"Na jometri je?"

"Jometri kampelekee babu yako!"

Bi Masharti akabofya. Kioo kikaandika: HAIWEZEKANI.

"Unanichezea, shemeji?" Akamkamata nywele, akambamiza uso mezani. Damu ikachuruzika kwenye kibodi.

"Sikuchezei. Haipati."

Hapo, jamani, alisema kweli nusu. Haikupata kwa kuwa lile sharti la mada zote lilikuwa bado limesimama. Kuliondoa ni kubofya mara moja, na shemeji hakujua. Lakini kulikuwa na watoto chungu nzima wasiomjua huyo shemeji, na mtihani ni wao pia.

Ndipo nyundo ikashuka. "Rudia! Tumia mkono wa kushoto!"

HAIWEZEKANI. Kidole kingine kikapondeka. HAIWEZEKANI. Kingine.

Mwishowe akaigeukia kompyuta yenyewe, akaitwanga mpaka vioo vikaruka. Kishindo kikamleta mlinzi. Mlango ukang'oka, rungu likapasua taya, na shemeji akaburutwa nje akitema meno.

Hospitalini, mdogo mtu alimlisha uji kwa kijiko.

"Dada, mashine ilikataa kweli?"

"Nilikataa mimi."

Kijiko kikasimama hewani. "Mimi ningempa palepale."

"Hata mimi nilitaka kumpa."

"Sasa?"

Bi Masharti akainua furushi la bandeji, akatania. "Alianza kuvunja kile cha kubofyea, mjinga yule."

Mdogo wake akacheka huku analia, akampangusa kidevu.