Kopo la Mwisho Kabla ya Mvua

Mimi ni mtu wa ziwa, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Baba alikuwa mvuvi hapa Uvira, mama alianika ndagala, dagaa wa kwetu, na mimi nauza chakula kwenye resto yangu ndogo upande wa Mulongwe. Dada yangu aliolewa na mtu wa milimani, wa pande za Mulenge, na tangu siku ile shemeji hajachoka kunikumbusha kwamba sisi wa ziwa tunajua kitu kimoja tu, samaki.

Mchezo wa makopo tuliletewa na mwalimu mmoja, rafiki yake shemeji. Alituambia kwamba duniani kote watu huficha vikopo porini, kisha huwapa wenzao namba za GPS wavitafute. Yeye akaongeza sharti lake: kopo litakaa chini ya kichaka cha asili, kile ambacho mababu walikikuta hapa, na atakayelipata lazima akitaje kwa jina. Asipokijua, hajashinda. Basi kila Jumamosi ya kiangazi tukawa tunapanda njia ya mlima nyuma ya mji. Mwalimu alitangulia kuficha, sisi watatu tukatafuta.

Shemeji alishinda karibu kila mara. Alichunga ng'ombe utotoni, na majani aliyajua kabla hajazijua herufi. Dada naye alibahatika mara mbili. Mimi, kwa kuwa nina resto, nilibeba sufuria.

"Weye beba tu chakula," shemeji alikuwa akinitania. "Huku juu hakuna ndagala."

Hayo ningeyavumilia. Lakini siku moja tukila, akasema baba yetu alikuwa muntu muzuri, ila kazi yake haikuwa na akili yoyote: "Alikuwa anatupa tu nyavu, anamuachia Mungu." Dada akacheka. Mimi sikucheka, maana haukuwa umepita muda mrefu tangu tumzike baba. Nikaapa moyoni kwamba kabla mvua haijafunga njia nitapata kopo moja, mbele ya macho ya shemeji.

Ikabaki Jumamosi moja. Mawingu yalishaanza kulalia mlima, na njia ile ikilowa hakuna anayeipanda. Mwalimu akatutumia namba kwenye simu pamoja na picha. Picha hiyo aliipiga akiwa amesimama penye kopo, akitazama chini ziwani.

Namba zilitufikisha kwenye bonde jembamba, na hapo simu zikapoteza akili. Mshale unaonyesha kulia, ukienda kulia unageuka kushoto. Dada akaingiza mkono kwenye kichaka chenye maua makubwa ya njano, shemeji akamcheka. Mmea ule uliletwa kutoka mbali, si wa kwetu. Kisha yeye mwenyewe akaivuta picha iwe kubwa ili aone jani lililokuwa pembeni. Lilikuwa ukungu mtupu. Akaanza kupekua kichaka kimoja baada ya kingine, akivitaja kwa majina kama anayeita ng'ombe zake.

Mimi jani sikulitazama. Niliyatazama maji. Kwenye picha, paa la kanisa lilikuwa limekaa sawasawa chini ya mlango wa mto Mulongwe, pale maji ya udongo yanapoingia ziwani. Upande wa kulia, mnara wa simu ulikuwa umenyooka na ncha ya gati la Kalundu.

Nikamkumbuka baba ziwani. Baba hakuwa akiweka boya juu ya nyavu zake, maana boya huibiwa. Alinipandisha kwenye mtumbwi asubuhi, akaniambia nitazame mlima. "Kanisa iko chini ya lile bonde? Na ile nyumba ya bati iko chini ya ule muti? Basi tuko juu ya nyavu." Mistari miwili, na inapokutana ndipo penyewe. Sikumwona akikosa hata mara moja. Yeye alikuwa ziwani akitazama mlima. Mimi nilikuwa mlimani, na kazi yangu ilikuwa kugeuka tu.

Nikatua sufuria. Nikaambaa na mteremko hadi paa likaja chini ya mlango wa mto. Nikapanda, nikilishikilia paa palepale kwa macho, huku miiba ikinichana kitenge.

"Unaenda wapi?" shemeji akauliza kutoka chini. "Simu inasema ni huku."

Nikaendelea kupanda. Mnara ulikuwa unasogea polepole kuelekea gati. Ulipolifikia, nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na kichaka kilichonipita kimo, mbuzi wamekitafuna wakabakiza majani machache. Nikapeleka mkono shinani, nikagusa bati.

Nilipiga vigelegele hadi mwalimu, aliyekuwa akitusubiri juu ya njia, na shemeji wakaja mbio.

"Bado," shemeji akasema akihema. "Jina."

Majani yalijaa vumbi, na kwa macho nisingeweza. Nikachuma moja, nikalitafuna. Uchungu ukanipanda mpaka masikioni. Nani kati yetu, watoto wa ziwa, hakuzibwa pua akanyweshwa maji ya majani yale kwa ajili ya minyoo?

"Mubirizi," nikasema, uso umekunjamana.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ulikuwa mubirizi, wa asili kabisa. Nikamshinda mtu wa milimani mlimani kwake, na furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Shemeji aliitazama simu yake, kisha akanitazama mimi. "Umejuaje?"

Nikamshika mabega, nikamgeuza aelekee ziwani. Nikamwonyesha kanisa na mto, nikamwonyesha mnara na gati, nikamwambia ni baba aliyenifundisha hivyo, akitafuta nyavu zake. Akasogea hatua kadhaa kushoto, paa likauacha mto. Akarudi, likakaa sawa. Akarudia tena, peke yake.

"Minye nilizani anatupa tu," akasema mwishowe. "Kumbe muzee alikuwa na akili sana."

Nikamwambia sijasikia vizuri. Tena dada alikuwa bado kule bondeni, na baba alikuwa wake pia; naye asikie. Shemeji akaweka mikono mdomoni, akalisema tena neno lile kwa sauti, mlima mzima ukasikia.