Mashine ya Momela

Kitabu cha kwanza hakilipi kodi ya chumba, kwa hiyo kwa miaka michache niliishi kwa kazi ambayo wenzangu wa Jumamosi hawakuielewa. Tulikuwa tukikutana kwenye mgahawa mmoja mjini Arusha, washairi na watu wa hadithi, na kila aliyeletwa mezani kwa mara ya kwanza aliulizwa anafanya nini mchana. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine aliongoza watalii. Mimi nilisema napanga vivinjari. Wakacheka, wakadhani ni tamathali ya usemi, na mshairi mmoja akaomba aitumie.

Taasisi iliyoniajiri ilikuwa na hospitali kubwa mjini, na vituo vya afya na zahanati zilizotawanyika kuuzunguka Mlima Meru. Damu ilitolewa zahanati, ikateremshwa hospitali kwa pikipiki, na majibu yakapanda mlima kwa mtandao. Muuguzi alifungua kivinjari, ile programu ambayo watu wengi huiita tu intaneti, akaandika namba ya mgonjwa, akasoma. Wanaotengeneza vivinjari hutoa toleo jipya karibu kila mwezi. Kwa mwenye simu yake moja hilo si neno, lakini kwa taasisi yenye mamia ya mashine kila toleo jipya ni mlango unaoweza kugoma asubuhi wagonjwa wakiwa wameshakaa kwenye benchi. Ndiyo maana taasisi kubwa kama yetu hupewa toleo la pole, la kukaa muda mrefu. Halibadilishwi sura; linazibwa tu matundu ambayo wezi wa mtandao wangeweza kupitia, hadi siku yake ya mwisho. Kabla ya siku hiyo hutoka jingine la kurithi nafasi, na kwa wiki kadhaa yote mawili yanakuwa hai.

Kazi yangu ilikuwa kuzipanga wiki hizo. Nilichora ukutani mistari miwili ya rangi, wa zamani ukififia na mpya ukianza, na mahali ilipopishana nilipapenda kama mtu anavyopenda saa ya alfajiri. Hapo kosa lilikuwa bado halijamuumiza mtu. Tulichagua vituo kumi na kitu vya kujaribia, tukawapelekea toleo jipya, tukasikiliza. Kama mashine fulani ni kuukuu mno na toleo jipya linaikataa, ilitakiwa tujue wakati huo, ili iingizwe kwenye bajeti ya mashine mpya kabla bajeti haijafungwa.

Bosi wangu alizaliwa mjini, kama baba yake. Babu yao alitoka Punjabu na kufungua duka la vipuri ambalo ndugu zake wanaliendesha mpaka leo. Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kabisa, na alipenda kunichokoza.

"Mwandishi, habari ya riwaya?"

"Nzuri, bosi."

"Nzuri imeisha, au nzuri unaogopa kuiangalia?"

Simu za kuulizia majaribio alizipiga mwenyewe kila Ijumaa, kwa sababu watu wa mlimani, alisema, wanataka kusikia sauti ya mkubwa wao. Mimi nilikaa pembeni nikiandika majibu. Zahanati ya Momela ilikuwa mojawapo ya vituo vya kujaribia.

Huko kulikuwa na muuguzi mmoja tu, mama wa makamo, na kila mtu alimwita Sista. Nilikuwa nimepanda kwake mara mbili kurekebisha nyaya. Zahanati iko ng'ambo ya maziwa, na ukifika huna budi kusubiri nyati wamalize kuvuka barabara, maana wao hawana haraka na honi haiwahusu. Saa sita mchana Sista alifunga dirisha la dawa, akapanda hadi kwenye kihamba chake, shamba lenye nyumba yao, nyuma ya zahanati, katikati ya migomba na kahawa. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja. Alimgeuza, akamlisha loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwa kijiko, akamfuta kidevu, akarudi kazini. Mara ya pili nilimfuata mpaka mlangoni, nikamsalimia mzee. Alinijibu kwa jicho.

"Watu wananiambia, omba uhamisho, nenda mjini, utakuwa karibu na watoto," Sista aliniambia tukiteremka. "Nikimhamisha huyu kutoka kwenye migomba yake atakufa njiani. Na mimi nikihama, nani atamgeuza? Mwanangu, mimi hiyo mashine yenu ndiyo inanishikilia hapa."

Hakuwa akitia chumvi. Taasisi ilikuwa na utaratibu kwamba kituo kisichopata majibu kwa mtandao hakiwekewi muuguzi wa kudumu. Kinapewa wa kutembelea, Jumanne na Alhamisi, na aliyekuwepo anapelekwa panapomhitaji.

Basi Ijumaa hizo bosi alipiga, spika ikiwa wazi.

"Sista, shikamoo. Habari za Momela?"

"Marahaba baba. Nzuri."

"Habari za mashine? Ile kitu mpya mmeijaribu?"

"Tumejaribu. Tunaendelea vizuri."

"Safi. Msalimie mzee."

Akakata, akapiga kituo kinachofuata. Vituo vyote vya majaribio vilikuwa vizuri. Bajeti ikaandikwa, na mahali pa mashine za kubadilishwa pakawekwa sifuri. Siku ya kuhama ilipofika toleo jipya likasambazwa mtandao mzima, na asubuhi iliyofuata nikaangalia orodha, ambayo hutoka baada ya kusambaza tu, ni nani bado yuko kwenye la zamani. Palikuwa na vituo vitano, na Momela ilikuwa ya kwanza. Toleo jipya lilikuwa halijawahi kuingia kwenye mashine yake hata dakika moja. Mashine ilikuwa ya msaada, kuukuu, na toleo jipya halikuitambua.

Nilimpigia mwenyewe.

"Ilikataa, ndiyo," alisema, bila wasiwasi. "Tangu siku ya kwanza. Kinatokea kibao cha Kiingereza, nakifunga, narudi kwenye ile yetu ya siku zote."

"Sasa Sista, mbona ulisema nzuri?"

Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, na mtu akimbembeleza kwa Kimeru.

"Mwanangu, mkubwa hakuniuliza kama imekataa. Aliniuliza habari. Majibu ya wagonjwa nilikuwa ninayapata, kituo hakijasimama. Ningemwambiaje mtu mzima ambaye hata chai hajanywa kwangu kwamba habari ni mbaya? Nilikuwa namalizia. Akakata."

Huku kwetu anayetoka kuzika naye akiulizwa hujibu nzuri. Ukweli hukaa nyuma ya neno ila. Nzuri, ila ng'ombe ametupa mimba. Nzuri, ila mama yuko hospitali. Anayeuliza ndiye mwenye wajibu wa kusubiri hiyo ila, na kusubiri huko ndiyo heshima yenyewe. Bosi alilijua hilo kuliko mimi. Uso kwa uso angesubiri, angevuta na kiti. Ila kwenye simu, akiwa na vituo kumi na kitu vya kupiga kabla ya chakula cha mchana, aliuliza kama mtu wa huku na kukata kama mtu wa ofisini, na katika upenyo huo Momela ikadondoka. Nilipomweleza alivua miwani, akaiweka mezani. Hakutafuta wa kumlaumu.

Kisha likaja tumaini, na tumaini hilo ndilo lililotuchosha. Watengenezaji walitangaza kwamba kwa ajili ya mashine kuukuu wataendelea kuziba matundu ya toleo la zamani kwa miezi michache zaidi. Nikaurefusha mstari ukutani. Bosi akapeleka ombi la mashine tano. Wahasibu wakasema fedha ya mwaka imeshagawanywa, ombi lisubiri bajeti ijayo. Muda ulipokaribia kwisha, watengenezaji wakaongeza tena. Nikaurefusha tena mstari, na rangi ile ikawa haitoshi nikaendeleza kwa nyingine. Nikawa nafungua tangazo lao kila asubuhi chumbani kwangu mtaa wa Sakina, kabla mafundi wa gereji ya jirani hawajaanza kugonga mabati, kama ndugu wa mgonjwa anavyochungulia dirisha la wodi. Mtu anayeongezewa muda haishi. Anasubiri kuongezewa tena. Riwaya niliyokuwa naandika ilisimama sura ile ile miezi yote hiyo.

Sista naye aliuliza kwa ujumbe: bado tupo? Nikajibu: bado tupo.

Bajeti mpya ilipokuja, paa la wodi ya watoto lilikuwa linavuja, na nani angesimama kwenye kikao aseme kompyuta kabla ya paa? Bosi alisimama, akasema, akasikilizwa kwa adabu. Mashine moja ilipatikana kati ya tano. Tuliijadili mimi na yeye, tumeegemea gari kwenye maegesho, na hapakuwa na mjadala: kituo kimojawapo kilikuwa na chumba cha kuzalishia. Ikaenda huko. Nilifikiria kumpa Sista ya kwangu ya nyumbani, lakini yangu ilikuwa kuukuu kuliko yake.

"Tuiache tu ya Momela ilivyo," nilimwambia bosi. "Nani atajua?"

"Majibu ya damu za watu, mwandishi? Kwenye mashine yenye matundu?" Alitikisa kichwa. "Siku yakiibwa, tutamwambia nani habari nzuri?"

Alisema kweli. Katika mambo yote hayo sikupata mtu hata mmoja wa kumchukia, nami nilimtafuta.

Tangazo la mwisho lilisema hakutakuwa na nyongeza nyingine. Nikapanda Momela kuikata mashine kwenye mtandao. Ulikuwa msimu wa baridi, na mlima haukuonekana. Palikuwa na kijivu tu mahali ulipotakiwa kuwa. Njiani, pale Makumira, wanafunzi walivuka barabara wamejifunika mashuka ya Kimasai juu ya makoti. Nyati safari hii hawakuwepo, njia ilikuwa wazi, nami nikatamani wangekuwepo.

Sista alikuwa ameshapata barua yake ya uhamisho, upande wa nyika, mbali. Alinikaribisha chai ya maziwa kabla ya kuniruhusu nikae mbele ya mashine.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kunywa kwanza. Hiyo haikimbii."

Nilikunywa. Kisha akaniomba afungue majibu ya mara ya mwisho. Palikuwa na mama mmoja benchi la nje, na binti yake mjamzito, waliotoka juu kwa miguu. Aliandika namba taratibu, akasoma, akatoka kuwaambia. Niliwasikia wakicheka, kwa hiyo yalikuwa mema. Aliporudi alivuta kiti, akanipisha.

"Mzee atakaa na nani?" nilimuuliza.

"Mdogo wake amesema atakuja asubuhi. Yule ni mlevi, lakini asubuhi hajawa mlevi bado." Akatabasamu kidogo. "Kugeuza nimemfundisha. Mchana ndiyo hakuna mtu."

"Huwezi kukataa kwenda?"

"Nikikataa, dawa zake nitanunulia nini? Kahawa?"

Nikaikata. Ni kazi ya dakika chache na haina sauti. Unaondoa ruhusa, unafuta kilichohifadhiwa, unachomoa waya, na taa ndogo ya kijani inazimika. Alisimama nyuma yangu wakati wote, mikono kwenye mifuko ya gauni lake jeupe, kama mtu aliyeletwa kutambua maiti. Halafu akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita. Akachukua ufunguo, akafunga dirisha la dawa, akaniaga, akapanda kihambani. Nilimtazama mpaka migomba ikamfunika. Sikumfuata kumsalimia mzee. Nilijua kwamba jicho lile lingeniuliza.

Nilifika ofisini jioni. Bosi alikuwa hajaondoka. Mstari wangu wa toleo la zamani ukutani ulikuwa bado unakwenda, rangi mbili, mpaka karibu na kona.

"Habari za Momela?" aliuliza.

"Nzuri," nikasema.

Safari hii alisubiri. Aliweka kalamu chini, akageuza kiti chake kunielekea, akasubiri kama anavyosubiri mtu wa huku, bila kuangalia simu. Nilitafuta cha kumwambia. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa cha kumwambia mtu wakati jambo bado linazuilika. Nikavuta kiti, nikapanda juu yake, nikaanza kuufuta mstari.