Udongo Uliotupwa Chini

Krrrr. Sauti hiyo ilinifikia nikiwa bado napanda kilima, ukungu wa Kilungu umefunika kila kitu, sioni hata viatu vyangu. Mlango wa nyanya ulikuwa ukiburutwa juu ya saruji. Nilisimama palepale njiani. Usinicheke, rafiki yangu. Kuna watu wanaolia wakisikia wimbo walioimba kanisani utotoni. Mimi nililia kwa sababu ya mlango.

Nilikuwa nimetumwa na shangazi kumchukua nyanya, nimpeleke kwake Kambu, kule tambarare kwenye barabara ya Mombasa, ambako ardhi imelala na haina haja ya kwenda popote. Fundi aliyeikagua nyumba alikuwa amesema haitamaliza mvua za Novemba. "Susu," alimwambia, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, "nyumba yako inasafiri bila nauli." Nyanya alicheka, akamwongezea chai, akamsindikiza. Shangazi alipokuja kumbembeleza, alipewa chai akasindikizwa. Mchungaji vilevile. Ndipo nikatumwa mimi, kwa sababu nilipewa jina lake, na kwa sababu hakuna mjukuu aliyeipenda nyumba ile kama mimi.

Ngoja nikueleze nilivyoipenda. Sakafu yake iliinama kidogo kuelekea mlangoni. Likizo zikifika tulikuwa tunaweka machungwa kwenye mlango wa chumba cha kulala, tunayaachilia, nayo yanabingirika yenyewe polepole, yanapita chini ya meza, yanazunguka mguu wa kiti cha babu, hadi kizingitini. Atakayeshinda anakula yote. Nyumba za jirani hazikuwa na uwezo huo, na tuliwahurumia watoto wao. Nje, mikaratusi ilikuwa imepinda pale chini, karibu na ardhi, kama mtu aliyetaka kupiga goti kisha akabadili nia, na kila mjukuu alikuwa na goti lake la kukalia akinywa uji.

Halafu kulikuwa na ufa. Ulitoka kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi chini. Wiki moja kabla ya Krismasi tulikanda udongo, majivu na samadi ya ng'ombe, nyanya akauziba, tukapaka rangi, na kufikia Pasaka ulikuwa umerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nilipong'oka jino la kwanza, sikulitupa juu ya paa kama wenzangu. Nililisukuma ndani ya ufa, nikampa mjusi aliyeishi humo. Lilipita kwa shida. Nilipofika darasa la nane, ngumi yangu yote ilikuwa inapita.

Babu alilaumu mbao. Kila mvua ikianza mlango ulikataa kufungika, naye aliutoa kwenye bawaba, akaulaza juu ya viti viwili na kuupiga randa, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Maranda yalianguka miguuni mwake yakinukia, sisi tukayavaa kichwani kama nywele za harusi. "Mti huu ulikatwa kabla haujakomaa," alisema. Mwaka mwingine alilaumu mchi wa nyanya.

"Mama, huo muthokoi wako ndio unaopasua nyumba. Unatwanga kama unampiga adui."

"Sawa, baba," nyanya alijibu bila kusimamisha mchi, huku maganda ya mahindi ya muthokoi aliyokuwa akiyakoboa yakiruka. "Basi leo nitakuchemshia hayo maranda. Tuone kama yataiva kabla ya maharagwe."

Zilikuwapo pia alfajiri ambazo mlango haukulia. Siku ambazo nyanya alikuwa na mwethya, lile kundi la wanawake wa kijiji wanaolimiana kwa zamu, leo shamba hili na kesho lile, alitoka kabla hakujapambazuka. Nikiwa nimelala kwenye mkeka sebuleni, nilikuwa namwona akishika kitasa kwa mikono miwili, akiingiza bega chini ya ubao wa katikati, akiunyanyua mlango wote ili usiguse saruji. Alifanya hivyo ili babu asiamke.

Babu alipofariki tulimzika upande wa chini wa nyumba, kwenye tuta la kwanza. Siku chache baadaye nyanya aliniambia jambo ambalo, nadhani, babu alilijua miaka yote na hakutaka kulisikia. Sisi ni watu wa matuta. Mtoto wa huku, kabla hajajua kusoma, anajua kwamba ukichimba mtaro shambani udongo unautupa juu, upande wa mlima, ili mvua isiondoke nao. Yeye na babu walipooana, wanawake wa mwethya walikuja kusawazisha kiwanja cha nyumba. Waliukata mlima upande wa nyuma. Lakini babu alitaka sebule inayotazama bonde, na kiwanja kilikuwa chembamba. Basi kwa siku hiyo moja walifanya kinyume na walivyofanya maisha yao yote. Wakatupa udongo chini. Wakaukanyaga wakiimba, jioni ukaonekana mgumu, na fundi akauweka msingi. Nusu ya nyumba ikakaa juu ya mlima. Nusu nyingine ikakaa juu ya wimbo.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nauanzisha," nyanya alisema.

Udongo ule haukuporomoka. Ungeporomoka tungekimbia. Ulitembea tu, unene wa ukucha kila mvua, ukiteremka na sakafu yetu, na mikaratusi yetu, na machungwa yetu. Yote niliyoyapenda katika nyumba ile yalikuwa ndiyo ugonjwa wake. Sijui nimweleze nani jambo hili asinihurumie.

Basi asubuhi hiyo nilifika mlangoni. Kwenye saruji kulikuwa na alama ya nusu duara, iliyochimbwa na mlango miaka yote, na nyanya amesimama katikati yake amejifunga leso.

"Mke mwenzangu," aliniambia. Ameniita hivyo tangu nizaliwe. "Umekonda. Huko Nairobi mnakula vitabu?"

Tulikunywa chai. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Ufa sasa ulikuwa mpana kiasi kwamba niliona ukungu ukipita nyuma yake. Nikamwambia shangazi ameandaa chumba, na kwamba vijana wa fundi watakuja kuezua mabati, na mlango wataupeleka Kambu uwe ukumbusho.

"Mlango huu?" Alicheka. "Utauweka wapi? Babu yako ameupiga randa mpaka hauna kona hata moja iliyonyooka. Hakuna fremu duniani utakayoingia ila hii iliyoinama."

Kisha akanivuta hadi dirishani. Chini kidogo, ukungu ulikuwa umefunguka juu ya kaburi la babu. Nilipokuwa mdogo mahali pale palikuwa mwendo wa kukimbia. Sasa nilihisi ningeweza kumtupia babu chungwa mkononi.

"Unaona? Nyumba inamfuata," alisema. "Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa nimekaa ndani yake tu, nikijua itanifikisha."

 Naandika vitabu, na nikarudia tu habari za chumba cha shangazi.

"Nitakwenda ukinionyesha kwamba lazima," akaendelea. "Wewe ulikuwa unalia likizo ikiisha, unajificha chini ya kitanda changu usirudishwe. Basi lala hapa leo, kwenye mkeka wako pale. Usiku mmoja. Kesho useme kama nihame."

Nilitazama mahali pangu pa mkeka, chini ya dirisha lile. Nilitazama ukuta. Na mdomo wangu ukasema, kabla sijauzuia, kwamba dereva ananingoja barabarani.

 Nyanya hakukasirika, na laiti angekasirika. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiitarajia, akaosha vikombe viwili, akavifunika, akachukua Biblia yake na shali.

Miezi imepita. Vijana wa fundi hawakuwahi kwenda, barabara ilikatika, na nasikia ukuta wa mbele umelala kifudifudi kuelekea kaburini. Kambu nyanya anakaa uani na kuuliza maji ya mvua ya huko yanajuaje pa kwenda. Juzi niliweka chungwa kwenye sakafu ya chumba chake. Lilikaa pale nilipoliweka.

Lakini siku ile, nyumba ilikuwa bado imesimama. Nilitangulia nje na begi lake, nikasubiri kusikia ile krrrr kwa mara ya mwisho. Sikuisikia. Nilipogeuka, nyanya alikuwa kizingitini, ameshika kitasa kwa mikono miwili. Aliunyanyua mlango wote, akarudi nao nyuma hatua kwa hatua, akaufunga bila sauti, kama alfajiri zile alipokuwa akitoka huku babu amelala.